Mtihani wa Alcide

Katika mpira wa Kimarekani, hakuna anayemwimbia mlinzi wa mstari wa mbele. Mrusha mpira ndiye anayebebwa mabegani. Mdogo wangu Alcide Metoyer kazi yake ni kusimama mbele yake na kugongana na majitu mchana kutwa, ili yule mzuri wa sura asiguswe. Lakini sisi watu wa Louisiana mpira tunaujua, na tangu aanze kuchezea chuo, hata wazee wa kanisani husema, "Ukimpita Alcide, umepita ukuta."

Jumapili iliyopita, siku moja baada ya mechi, alikuja kwa mama kula gumbo, mchuzi wetu mzito wa kamba. Binti yangu akamrukia mapajani. Alcide akamtazama, akatabasamu, akasema, "Njoo hapa wewe... wewe mdogo."

Jina halikuja. Jina la bibi yetu marehemu, Clémence, ambalo Alcide mwenyewe ndiye aliyempa mtoto! Nikaweka upawa chini.

"Jana uligongwa kichwa?"

"Aa, dada Odile, kawaida tu."

"Kawaida ya nani? Haya, mwite mtoto jina lake."

Akacheka, kicheko kikavu. "Sasa unanifanyia mtihani?"

Mtihani ndio hasa ulionitia hofu. Chuoni, kila mchezaji mgeni hukalishwa mbele ya kompyuta na kutakiwa kukumbuka maneno na picha, ili siku akigongwa apimwe tena, waone kama amepungua. Nao wale walinzi wakongwe huwafundisha wageni: kosea makusudi, dogo, alama zako ziwe ndogo tangu mwanzo, na hutatolewa uwanjani kamwe. Alcide alikosea makusudi. Alitusimulia kwenye meza hii hii, na sote tukacheka, mama mpaka machozi.

"Kesho nakwenda kumwambia daktari wa timu," nikasema.

Akanishika mkono. "Dada, tafadhali. Jumamosi wanakuja watu wa timu za kulipwa kunitazama. Imebaki mechi moja tu. Usinimwagie unga wangu."

"Na kichwa kikiharibika, watakununulia kingine? Heri nusu shari kuliko shari kamili, Alcide!"

"Kichwa ni kizima!"

"Basi thibitisha. Kesho si wanakupima kwa sababu ya kugongwa huko? Jibu kwa akili zako zote, usikosee makusudi hata mara moja. Ukizipita zile alama zako za uongo, nafunga mdomo wangu."

Macho yakamng'aa. "Hilo tu? Zile nazipita nimefumba macho! Watadhani nimeibia majibu." Akamaliza bakuli lake, akaongeza jingine.

Jumatatu nikampeleka mwenyewe kwa gari, nikakaa kwenye benchi la nje nikiomba Mungu. Nilimwomba anifunge mdomo. Kweli kabisa, nilitaka Alcide atoke ananicheka.

Mlango ukafunguliwa. Kocha Hebert ndiye aliyetangulia, uso umemkunjuka.

"Safi kabisa, Odile! Daktari anasema yuko vilevile kama siku ya kwanza. Hajapungua hata chembe. Jumamosi yumo!" Akampiga Alcide begani, akaenda zake akipiga mluzi.

Alcide akabaki amesimama, mikono inaning'inia.

"Vilevile?" nikauliza.

"Vilevile, dada." Akanisogelea. "Na sikukosea makusudi. Naapa kwa Mungu. Nilijitahidi mpaka jasho likanitoka, zikatoka zilezile alama za uongo."

Lo, mdogo wangu! Nikainuka. "Daktari bado yumo ndani," nikamwambia, nikasubiri anishike mkono kama jana.

Hakunishika. Alitangulia yeye, jitu zima, analia bila kujificha, akagonga mlango.