Sauti ya Kuvuka Ghuba

Nilikuwa mpeleka barua miaka thelathini na minane. Muziki sikufundishwa na mtu. Niliuokota njiani, kama mbwa anavyookota viroboto. Nilipostaafu, bendi ya shule ikanikabidhi watoto wanaoanza, maana hakuna mwingine aliyetaka kuyatesa masikio yake.

Kufundisha kwenyewe si uchawi. Karatasi unaishikilia ukutani kwa pumzi tu: ikianguka kabla ya kuhesabu nane, rudia. Midundo tuliisoma kwa vyakula vya sikukuu ya taifa, tarehe kumi na saba Mei, siku bendi inapoandamana: ke-ki, ke-ki, so-se-ji. Asiyejua mguu wa kushoto, auvalishe soksi nyekundu. Na wakichoka, nawatilia chumvi.

"Mwaka mmoja nilipuliza sauti Jumatatu, ikazunguka mlima, ikarudi Alhamisi ina mafua."

"Mwalimu Oddvar, muongo wewe!" akapiga kelele Jostein wa ngoma kubwa.

"Mimi muongo? Kamuulize mlima."

Walicheka wote, isipokuwa Sunniva. Huyu alikuwa na miaka tisa, na tarumbeta lake lililia kama ndama aliyenasa kwenye uzio. Lilikuwa la babu yake, Torleiv, ambaye vuli ile alihamishiwa nyumba ya wazee ng'ambo ya ghuba. Kila siku baada ya masomo Sunniva alipanda feri kwenda kumwona, dakika ishirini tu. Kwa hiyo mazoezi aliyakosa. Nami nilimhitaji. Matarumbeta yalikuwa matatu, na mmoja wa wapulizaji alikuwa hana pumzi ya kuzima mshumaa.

"Leo siwezi kubaki, mwalimu. Feri ya saa tisa."

"Ya nini kuvuka? Simama gatini, ushike sauti moja hadi nane. Itavuka yenyewe. Maji yanabeba sauti kuliko posta, na posta naijua mimi."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Kesho yake alinifuata mbio uwanjani. "Imefika?"

"Imefika bwana! Muuguzi kanipigia simu. Babu yako alikuwa anagonga kidole kwenye blanketi."

Majira yote ya baridi alibaki kwenye mazoezi, kisha akaenda gatini kupuliza, theluji ikimjaa kofiani. Jumapili alipokwenda kumtembelea pamoja na mama yake, alimuuliza mzee mwenyewe. Torleiv akamjibu, "Nilisikia, mjukuu wangu. Ilifika safi." Kufikia Machi mtoto alishika sauti hadi ishirini, nyororo kama siagi. Nikajipongeza. Nikasema, huu uongo umezaa matunda.

Torleiv alifariki mwishoni mwa Aprili.

Baada ya mazishi tulikunywa kahawa kwenye ukumbi wa kanisa. Muuguzi alimshika mama yake Sunniva mkono, kwa wema kabisa, akamwambia, "Kila siku feri ya saa tisa ikitia gati, alitaka tumsogeze dirishani. Alikuwa anasema, leo huenda mtoto akaja."

Sunniva alikuwa amesimama hapo hapo, sahani ya keki mkononi.

Siku ya pili alikuja kwangu na sanduku la tarumbeta. Hakuvua viatu, akabaki mlangoni.

"Ilifika?"

Nilikuwa na uongo wa aina tatu, wote mzuri, tayari mdomoni.

"Haikufika."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, mwanangu."

"Mbona Babu alisema ilifika?"

"Hakutaka uumie."

Alilitazama lile sanduku. "Ningepanda feri," akasema. "Ratiba yote naijua kwa moyo." Akaliweka juu ya mkeka wa kufutia miguu, akashuka ngazi. Nilimwita. Hakugeuka.

Tarehe kumi na saba Mei tuliandamana. Kwetu mtu akikosekana siku hiyo, mstari hauzibwi. Wenzake huacha nafasi yake wazi na kuendelea. Niliitazama nafasi ile kutoka shuleni hadi gatini, ndogo, upana wa mabega ya mtoto. Kwenye kona, mtoto wa pembeni alipinda mbali kidogo ili asiikanyage. Sunniva nilimwona juu ya ukuta wa gati, hana bendera mkononi. Tulipompita alikuwa ametupa mgongo, anatazama ng'ambo.

Tarumbeta lile liko kabatini kwangu. Kila mwezi nalitia mafuta, vali zisije zikakwama. Hajalifuata.

Vuli ilipoingia nilipata wanafunzi wapya. Karatasi ukutani, keki, soseji, soksi nyekundu. Jostein, ambaye sasa ananisaidia kufundisha wadogo, alinikodolea macho. "Mwalimu, siku hizi hata uongo umekuishia?"

Kabla sijajibu, mmoja wao akashusha tarumbeta, midomo imemvimba. "Nikipuliza sana, inafika wapi?"

Nilimsogeza dirishani, nikamwonyesha.

"Mpaka banda lile la boti," nikasema. "Zaidi ya hapo, panda feri."