Finjani ya Tatu Mlangoni kwa Etagegn

Nimekuwa muuguzi miaka ishirini na mitatu hapa Dessie, na mtu akiniambia kahawa ni dawa huwa namkata kauli pale pale.

Ndiyo maana nilikasirika jirani yetu Mama Zeyneba alipopandisha jiko lake la mkaa hadi ghorofa ya tatu na kuliweka mbele ya mlango wa Etagegn. Mume wa Etagegn, Gashaw, alikuwa amekufa kwa ajali ya basi dogo milimani, akielekea Addis Ababa. Matanga yalipokwisha na turubai kukunjwa, mjane alijifungia ndani. Chakula tulichomwachia kizingitini tulikikuta vilevile. Maji tu ndiyo aliyapokea, kwa mkono uliozidi kukonda. Nimewahi kuona watu wakifa hivyo, bila ugonjwa wa kuandika kwenye cheti.

"Tuvunje mlango," nilisema. "Nimtundikie dripu."

"Ukishauvunja, hamu ya kuishi nayo utamtundikia?" Mama Zeyneba aliniuliza huku akiosha buni. "Kaa chini, Sista. Wewe kila kitu sindano."

Basi tukawa tunakaa pale kila alasiri, wanawake wa ngazi nzima, Waislamu na Wakristo, juu ya vigoda na ndoo zilizofunikwa. Buni zikikaangwa, Mama Zeyneba aliupepea moshi uingie chini ya mlango. Kisha tulikunywa mara tatu, kama inavyopasa: ya kwanza nzito, ya pili nyepesi kidogo, na ya tatu, ambayo karibu ni maji, ndiyo baraka. Kila mzunguko finjani moja iliwekwa kizingitini. Ilipoa, ikamwagwa.

Nilijisemea kwamba nakwenda kumchungulia mgonjwa. Lakini ni pale, kati ya finjani ya kwanza na ya pili, nilipoiona miguu ya jirani yetu Hirut, mwenye mimba ya miezi minane, imevimba; baraka ilipokwisha tu nikamkimbiza hospitali. Zahanati yangu iko hatua mia mbili kutoka kwake na hakuwahi kuikanyaga. "Nije kufanya nini wakati siumwi?" alinijibu nilipomgombeza.

Siku ya kumi na tisa, tulipomaliza finjani ya pili, simu yangu iliita. Mganga mkuu alikuwa ananitaka kikaoni. Nikasimama nikakung'uta sketi.

"Na baraka unamwachia nani?" aliuliza Mama Zeyneba.

"Kesho nitakunywa mbili."

"Kesho umeitia mfukoni, eti?"

Wenzangu wakacheka. Nilikuwa nimekwisha kushika ukuta wa ngazi sauti iliposikika kutoka ndani, ikiniita kwa jina.

"Mulunesh. Kaa."

Ilikuwa sauti kavu, ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi. Kicheko kikakatika. Komeo likavutwa, na Etagegn akasimama mlangoni katika nguo zake nyeusi, ameegemea fremu, mashavu yamebonyea. Hakutazama mtu mwingine. Alitazama viatu vyangu.

"Huondoki mlangoni kwangu kabla ya baraka," akasema.

Nikakaa. Yeye naye akajishusha polepole mpaka kizingitini.

"Siku ile Gashaw alikunywa mbili," akasema. "Basi likapiga honi huko chini. Nikamwambia ngoja, ya tatu inachemka. Akasema wenzake wanamsubiri. Nikamwambia haya, nenda. Kwa mdomo wangu huu."

Majibu nilikuwa nayo. Breki, ukungu, kona za mlimani. Maneno hayo nimewaambia wafiwa wengi sana. Siku hiyo hayakutoka, kwa sababu nilikuwa nimeelewa jambo jipya. Kumbe siku zote hizo hakuwa amelala. Alikuwa nyuma ya mlango ule akizisikiliza finjani zetu, mzunguko kwa mzunguko, akihakikisha hakuna hata mmoja wetu anayeondoka kabla ya ya tatu. Alituchunga sisi tuliodhani tunamchunga yeye. Sijawahi kuona kitu kama hicho katika wodi yoyote, na sioni haya kusema niliogopa.

Mama Zeyneba hakumpa pole. Aliinamisha birika la udongo akamimina baraka, akaisogeza mbele ya Etagegn.

"Na wewe siku ile ulikunywa ngapi?" akamuuliza.

Etagegn akafikiri. "Alipotoka nilizima moto."

"Ngapi?"

"Mbili."

"Basi hujamaliza. Kunywa."

Akaishika finjani kwa mikono miwili. Alikunywa taratibu mpaka chini, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Alipoiweka, mkono wake ulitangatanga sakafuni, ukakuta bakuli letu la shayiri iliyokaangwa, kitafunio cha kahawa. Akatia punje moja mdomoni. Kisha mbili. Kisha akachota kiganja kizima.

Simu yangu iliita tena, nikaiacha iite. Sote tuliinamisha macho, asije akaona jinsi tulivyokuwa tunamsikiliza akitafuna.