Wembe wa Mjomba

Mgeni alifika wakati hakuna aliyemtarajia. Abiria wengine walikuwa bado wamepanga foleni katika ukumbi wa bandari ya Brisbane, na Selwyn Garae alikuwa amepiga magoti kwenye zulia la chumba cha kifahari kilichoko nyuma kabisa ya meli, akikunja taulo mbili ziwe bata maji waliogusana midomo. Akasikia mtu anakohoa mlangoni. Alipogeuka alimwona mzee mrefu, shingo imebabuka kwa jua la miaka, mkono mmoja kashika kofia, wa pili boksi la barafu la kuwekea samaki.

"Samahani, kijana. Walinipa kadi ya dhahabu, basi kila mlango ukawa unafunguka wenyewe. Nimewahi sana?"

"Hapana, mzee. Wa chumba hiki hupanda kwanza. Karibu ndani. Mama yuko nyuma?"

Mzee aliwatazama wale bata, akatazama maua ya waridi yaliyotawanywa kitandani, akatazama glasi mbili kando ya mvinyo uliotiwa barafu.

"Mama hakuja," alisema.

Selwyn akanyoosha mkono kuiondoa glasi moja, kama alivyofundishwa, ili mgeni asione kilichopungua.

"Iache," mzee akasema. "Yeye ndiye aliyekichagua chumba."

Aliitwa Kevin Zillmann, mkulima wa karanga kutoka Kingaroy, na hakutaka kuitwa bwana. "Niite Kev. Bwana alikuwa baba yangu, naye hata hakulipenda." Mkewe, Noela, alikuwa ameanza kupotewa na kumbukumbu; sasa alikuwa anaishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Walikuwa wamekiagiza chumba hiki Noela angali na akili zake, baada ya kukigeuzageuza kile kitabu cha picha cha kampuni ya meli hadi kurasa zikalegea. Siku moja fahamu zilipomrudia, alimshika mumewe mkono akamwambia: nenda, Kev, halafu uniambie kilivyo.

Basi Selwyn akamwonyesha kilivyo. Sebule peke yake, chumba cha kulala peke yake. Roshani yenye viti vya kulalia, inayotazama mkondo mweupe ambao meli huuacha nyuma. Beseni la kuogea chini ya dirisha, mtu aoge huku anatazama bahari. Mito ya aina nyingi, achague wa kulalia. Mkahawa wa watu wachache, ambako hapangi foleni. Nguo atapigiwa pasi, viatu vitang'arishwa, na meli ikifika bandarini yeye atashuka kabla ya wote.

"Na wewe je, unakaa wapi?" mzee akauliza. "Kabatini?"

"Chini, mzee. Chini ya usawa wa bahari."

"Kumbe kabati lingekuwa afadhali."

Wakacheka, na kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyotangulia Selwyn akausikia mdomo wake ukicheka wenyewe, bila kuamrishwa na kazi.

Maana wiki iliyotangulia, meli ikiwa katikati ya maji, baba yake alikuwa amefariki huko kwao, kisiwani Santo. Walimzika jua lilipopoa, kwa kuwa maiti haingojei meli. Simu ilipopatikana, mama yake hakulia. Alisema: "Hukumtia baba yako udongo, mwanangu. Basi ndevu zako zimlilie. Wembe usikuguse uso mpaka mjomba wako Toa akunyoe kwenye karamu ya siku ya mia ya msiba." Ndivyo wafanyavyo watu wa Ambae. Hata baada ya mlima wa moto kuwafukuza kisiwani kwao na kuwatupa Santo, mila hiyo waliivuka nayo bahari pamoja na mikeka yao. Ndugu wa mama ndiye mwenye wembe. Mwanaume anayejinyoa mapema amemfungia marehemu mlango.

"Ndiyo, mama," Selwyn alikuwa amejibu. Neno dogo tu, tena alilisema amesimama kwenye korido ya wafanyakazi huku mtu anampitia na toroli la vyombo.

Kumhudumia mzee Kev ilikuwa kazi ngumu, kwa kuwa hakumwachia kazi yoyote. Selwyn akiingia asubuhi, kitanda kimeshatandikwa, pembe za shuka zimekunjwa kijeshi. Kahawa mzee alijikorogea mwenyewe, ya kopo, aliyoitoa kwenye lile boksi la barafu pamoja na mfuko wa karanga za shambani kwake.

"Mzee, utanifukuzisha kazi," Selwyn akamwambia. "Wataniuliza nafanya nini humu."

"Waambie unakula karanga. Kaa."

"Haturuhusiwi kukaa."

"Basi zile ukiwa umesimama."

Kila asubuhi saa nne, saa ambayo akili ya Noela hutulia kidogo, muuguzi alipiga simu ya picha. Ikimpita saa hiyo, hakuna tena mpaka kesho. Mzee alichana nywele kwa maji, akaketi roshanini, na sauti yake ikawa nyingine.

"Bafuni kuna masinki mawili, Kev?"

"Mawili, mpenzi. Lako liko upande wa dirisha."

"Afadhali. Hutanimwagia tena ndevu zako kwenye mswaki."

Siku ya pili akauliza swali lilelile, na mzee akajibu kwa furaha ileile, kana kwamba ndiyo kwanza anaulizwa. Selwyn alikuwa anapanga matunda. Akageukia ukutani.

"Na huyo mwenye ndevu ni nani?" Noela akauliza.

"Selwyn huyo. Ndiye anayetutunza."

"Amefiwa," Noela akasema. "Mpe chai."

Simu ilipokatika, mzee akasukuma kiti kwa mguu. "Mke wangu hajui leo ni siku gani," alisema, "lakini hajawahi kunidanganya. Ni nani?"

Safari hii Selwyn alikaa. Akamweleza yote: baba, mama, mjomba, wembe. Akamweleza pia jambo ambalo hakuwa amelisema kwa mtu, kwamba keshokutwa meli ingetia nanga Luganville, bandari ya Santo, nyumbani kabisa, na kwamba wahudumu wa vyumba vya kifahari hupata kushuka wageni wao wakishatoka. Kaburi haliko mbali na gati. Alitaka kuushika ule udongo kwa mkono wake. Zaidi ya hapo hakutaka kitu.

Mchana huohuo Arnel alimwita kwenye stoo ya vyombo. Arnel Dimayuga ndiye aliyekuwa mkuu wa wahudumu wote wa sitaha ile, Mfilipino mwenye moyo mwepesi, ambaye kwa siku kadhaa alikuwa amejifanya haoni.

"Kaka, mimi nimeziba macho mpaka yamechoka," alisema. "Leo bosi mkubwa kapita, kaona. Kaniuliza kama nimeajiri baharia wa zamani."

"Ulimweleza?"

"Nimemweleza. Kasema pole. Halafu kasema unyoe."

Selwyn akajishika kidevu.

"Ndevu ni majani, Selwyn. Zitaota."

"Zitaota, lakini zitakuwa nyingine. Hizi ndizo zilizoanza naye."

Arnel akakaa juu ya kreti ya maji, akajifuta uso kwa kitambaa cha meza. "Nisikilize basi. Ukinyoa, unabaki juu, keshokutwa unashuka, unamwona mama yako. Usiponyoa, kesho unaenda dobi, kufua. Kule hakuna mgeni wa kukuona, fuga mpaka kifuani. Lakini unajua dobi siku ya bandari. Shuka zote za meli. Hakuna anayeshuka."

"Hakuna hata mmoja?"

"Nimeuliza mara mbili. Ungekuwa ndugu yangu wa tumbo moja ningekuambia nyoa, kamwone mama."

Mzee Kev alipozisikia habari hizo alivaa kofia yake akaenda kumwona yule bosi mwenyewe. Walimsikiliza kwa heshima kubwa, wakamkalisha, wakamshukuru kwa kuwajali wafanyakazi, wakamrudisha na kikapu cha matunda kilichofungwa utepe.

"Tazama," alisema, akikitua mezani. "Nimeenda kuomba haki ya mtu, nikapewa mananasi."

Jioni hiyo, kabla ya zamu kwisha, Selwyn alisimama mbele ya kioo cha bafu la wafanyakazi. Wembe alikuwa nao. Aliushika, akayafungua maji ya moto, akayatazama yakikifunika kioo kwa mvuke mpaka uso wake ukapotea. Alimfikiria mama yake getini, akimwona mtoto wake anakuja mbio, kidevu kimeng'aa kama cha mtu aliyetoka harusini. Asingemkaripia. Angemkumbatia, angempeleka kaburini, na angekaa kimya, na kimya hicho Selwyn angekibeba maisha yake yote. Akayafunga maji.

Asubuhi alipanda kumuaga mzee. Alikuwa ameshavaa sare ya kijivu ya dobi.

"Mhudumu mpya anaitwa Putu. Ni mzuri, ila hapendi karanga."

"Kasoro kubwa hiyo," mzee akasema. Kisha akauliza, "Mama yako nitamtambuaje?"

"Kwa nini, mzee?"

"Kesho mimi ni wa kwanza kushuka, sivyo? Wewe mwenyewe ulinifundisha."

Selwyn akamwambia: mama mfupi, amejifunga kitambaa cheusi, amekunja chini ya kwapa mkeka mwekundu wa Ambae. Atakuwa nje ya geti, maana ndugu hawaruhusiwi kuingia gatini. Kisha akakumbuka. "Lakini tunafika karibu na saa nne, mzee. Saa ya simu."

"Saa nne naijua kuliko wewe," mzee Kev akasema, bila ukali. Alitazama mkondo mweupe nyuma ya meli kwa muda. "Nimesema nitampata. Nenda kazini."

Kule dobi hakuna dirisha. Mtu hutambua kwamba meli imefika kwa sababu sakafu inaacha kutikisika. Selwyn alihisi ikitulia, akajua kwamba kwao kumekuwa juu ya kichwa chake, nyuma ya chuma: minazi ya Luganville, lori zinazosubiri, harufu ya nazi zinazokaushwa. Mashuka yakaja kwa mafungu. Aliyaingiza mashineni, akayatoa, akayaingiza mengine. Jasho lilimtiririka ndevuni, nazo zikawasha.

Baharia mmoja akachungulia mlangoni. "Garae ni nani hapa? Nenda nyuma, kwenye kamba. Kuna mzee wa kizungu gatini anaita jina lako kama anauza samaki."

Msimamizi wa dobi alitazama fungu la mashuka, akatazama uso wa Selwyn. "Dakika moja," akasema. "Ya pili sikukupa."

Alikimbia kwenye korido ndefu mpaka mahali ambapo kamba nene za meli hutokea ubavuni kupitia tundu pana la chuma. Mwanga ulimpiga akafumba macho. Alipoyafumbua, akamwona mama yake.

Alikuwa chini pale, gatini, ng'ambo ya ufa wa maji, akionekana mdogo kuliko alivyomwacha. Mkeka ulikuwa kwapani. Mzee Kev alikuwa amemshika mkono, kwa maana ukingo ulikuwa karibu; huku nyuma mlinzi wa geti, kijana wa Santo, akijifanya anahesabu mabasi. Kadi ya dhahabu ilikuwa inaning'inia shingoni mwa mama, juu ya kitambaa cheusi. Simu ilikuwa inawaka katika mfuko wa shati la mzee. Iliwaka, ikazima, ikawaka tena. Mzee hakuitazama. Alikuwa akimwonyesha mama kwa kidole: pale, lile tundu, pale.

Mama aliinua macho, akayapepesa kwenye ukuta ule mweupe mpaka yakamfikia. Selwyn aliita, lakini injini zilikula sauti yake. Basi akatoa kichwa na mabega nje, kadiri chuma kilivyomruhusu, akageuza uso huku na huku ili jua liuangaze wote.

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka kiganja kwenye shavu lake mwenyewe, akakiteremsha polepole mpaka kidevuni, akatikisa kichwa mara moja, kukubali.

Simu mfukoni mwa mzee ikazima, haikuwaka tena.

Selwyn naye akapandisha mkono usoni, akauteremsha vilevile, na ndevu zikamchoma kiganja.