Kamba ya Nguo Kwenye Dishi la Bu Sarinten

Uliiona. Usiniambie hukuiona. Jana ulipita kwenye uchochoro wetu, ukaiona kamba imefungwa toka dishi la mama jirani yetu, Bu Sarinten, hadi kwenye mpera, ukageuza uso. Kisha ukaja sebuleni kwake kulalamika kwamba televisheni haionyeshi!

Mimi sisahau. Nakumbuka wenye matangazo walipotufungia chaneli katikati ya fainali ya kombe, mkakaa mnatazama chenga na kusema, "Labda ni mvua." Mvua! Kiangazi kile!

Jana ilikuwa nusu fainali ya badminton, na anayecheza ni Wening, binti wa Bu Sarinten, aliyejifunzia mchezo hapa hapa kando ya mtaro wetu unaonuka. Mama yake hajawahi kumwona akicheza ng'ambo. Chaneli ya hapa imefungwa, lakini setilaiti iliyo upande wa magharibi inaonyesha bure, na dishi lina mota. Unabonyeza rimoti, linageuka lenyewe.

Bu Sarinten akabonyeza. Mota ikanguruma, ikanyamaza.

"Limegeuka?" akauliza toka ndani.

"Limetikisa kichwa tu!" nikajibu toka uani. Nikapanda juu ya ndoo. "Ndugu zangu, wametufungia chaneli, sasa wanatufungia hadi mota!"

"Hebu shuka, ndoo ni ya mke wangu hiyo," akasema Pak Dulkamid, mwenyekiti wa mtaa. "Bu, bonyeza tena."

"Msiguse!" Jirani yake, Bu Ponirah, akaja mbio na mwiko mkononi. "Rengginang zangu!"

Huku kwetu setilaiti ziko utosini, kwa hiyo dishi hulala chali kama sinia, tena la wavu, linapitisha upepo. Bu Ponirah alikuwa ameanika humo rengginang, vile visahani vya wali wa kunata vinavyokaushwa juani kisha vikakaangwa, akalifunga kamba lisije likageuka na kuvimwaga. Nanyi mlipoiona kamba, mkaanika nguo.

"Bu Ponirah, mwanangu anacheza!"

"Na wangu anaoa, Bu! Wageni nitawalisha picha ya Wening?"

Bu Sarinten akaishika rimoti kwa mikono miwili. Akakandamiza rimoti. Mota ikalia, kamba ikakaza, mpera ukainama kama unasalimia, na chupi moja kubwa ya michirizi ikapanda juu kama bendera.

"Ya nani hiyo?"

"Ya serikali," akajibu mtu.

Pak Dulkamid akatazama viatu vyake.

Tawi likakatika, paa! Dishi likageuka, rengginang zikatunyeshea vichwani, picha ikaja, tukakimbilia sebuleni. Tulikuta kinyoya kinaanguka, watu wanashangilia, na msichana amepiga magoti, ametugeuzia mgongo. Ameshinda. Wakakata, wakaweka tangazo la sabuni.

"Huo ni mgongo wake," akasema Bu Sarinten, kidole kikiwa bado kwenye kioo. "Uso sijauona."

Fainali ni leo jioni. Asubuhi hii nimechungulia uani kwake: kamba imerudi! Safari hii imefungwa kwenye shina. Rengginang mpya zimeanikwa, chupi ya serikali ipo, na pembeni yake shati la miraba. Lako.

Mkeka nimeshautandika juu ya paa langu, rengginang zote zitaenea. Kwa hiyo weka chini hiki unachosoma. Nenda uani kwa Bu Sarinten, chukua shati lako, fungua hiyo kamba. Sasa hivi, kabla hajashika rimoti!