Mkungu Unaorudishwa Mezani

…na bado hawaoni kwamba unachubuka, kila Mayala akiuinua juu ya meza ya mnada na kuutua tena ndizi zinavunjika shingo, utomvu unamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na yeye anacheka, anauambia usharika mkungu huu umenenepa kuliko mchungaji, watu wanacheka, mchungaji naye anacheka, na mimi pia kidogo, kwa kuwa wamegeuka kunitazama, mgane wa Igogo, wanajua mgomba aliupanda Kokulinda, mke wangu, tuliyemzika Pasaka iliyopita, na mkungu nimeukata mwenyewe leo alfajiri nyuma ya nyumba nikauleta Sikukuu ya Mavuno kama kila mwaka… aliyeununua kwanza ni Mama Malimi, mkuu wa akina mama, akasema anaurudisha kwa Bwana, ukauzwa upya, akaununua mzee Chenge, naye akaurudisha, ndivyo tunavyofanya hapa, kitu kizuri kinanunuliwa na kurudishwa mezani kiuzwe tena, anayekwenda nacho nyumbani huonekana mroho, na leo wanaurudisha kwa heshima ya marehemu, najua, sina kinyongo nao, lakini jioni utawekwa stoo ya kanisa, na Jumatano utakuwa wa inzi, Kokulinda alisema chakula kilichouzwa mara tano kisiliwe hata mara moja ni dhambi inayopigiwa makofi, alisema jikoni, hakusema kanisani, kanisani msemaji nilikuwa mimi… magugu maji tuliyavuta pamoja, mwaka ule yalipofunika ziwa mpaka mitumbwi ikashindwa kutoka, tukayaozesha shimoni tukatia kwenye migomba, majirani wakasema Wahaya hawa wameishiwa, sasa wanalisha ndizi takataka za ziwani, na yeye akawajibu subirini mje kuomba mbegu, wakaja… mimi nilisomea udongo Morogoro, serikali ilipopunguza watu nikapunguzwa, nikabaki na usharika, wakanipa uenyekiti wa kamati ya uwakili, nikafundisha kwamba fedha ni amana, ziwa ni amana, mwili ni amana, nilifundisha vizuri, nadhani, hakuna nililosema ambalo si kweli… Mayala anataja bei ya Chenge, nimenyoosha mkono, sikumbuki kuamua, ananiona, anasema mzee wetu Ta Rugemalira amepanda, nani zaidi, na nyuma yangu namsikia Mama Malimi akimwambia jirani yake muacheni, ni haki yake, atautoa tena kwa Bwana, mnamjua… wananijua, ndiyo, mwaka jana palepale mezani palikuwa na trei ya mayai, wiki ileile daktari alikuwa amemwambia Kokulinda, mama, damu imepungua, kula mayai, kula maini, na tulipotoka tulicheka kwamba daktari huyu haendi sokoni, basi nikainunua trei, Mayala akaniuliza unachukua au unarudisha, nikatazama upande wa akina mama, Kokulinda alikuwa ananyoosha kanga magotini, mikono yake imepauka, hakuniangalia, asingeniomba mbele za watu, nikasema narudisha, wakapiga makofi, nami nikayapenda, mwenyekiti wa uwakili angeondokaje kanisani na trei mkononi… yasingemponya, baadaye daktari alinieleza chanzo kilikuwa figo, nilimuuliza tena ili niwe na hakika, akarudia, figo, hata angekula ghala zima, kwa hiyo si hilo, sijidanganyi kwa hilo, ila tukiwa njiani kurudi aliniambia, “Baba Deo, nilikuwa nayatamani,” kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema mvua itanyesha, kisha akaanza habari nyingine, na kesho yake sikwenda kununua mengine, wala kesho kutwa, nilidhani nafasi ipo, na alipolazwa hakutamani kitu tena, uji tu, vijiko vichache… mwili ni amana, niliwaambia, nikimaanisha wasinywe gongo, wachemshe maji, sikumaanisha huyu, aliyekaa safu ya tatu… “Mara ya kwanza,” anasema Mayala, hakuna aliyepanda, wananiachia, na ameshaandaa swali lake, naliona mdomoni mwake, nusu anatabasamu kwa sababu anadhani analijua jibu, na makofi nayo yako tayari mikononi mwa watu, ni neno moja tu, nimelisema miaka yote, na nikisema lile lingine Chenge atakohoa, mtu atasema majonzi yamemharibu mzee wa watu, na waseme, nitaubeba begani mpaka Igogo mchana kweupe, nitapaka mafuta mikononi utomvu usinate, nitazimenya vibaya, nitaweka maharage, chumvi itazidi au itapungua, nusu nitampelekea Mama Malimi akiwa bado amenuna… “Mara ya pili,” anasema, mkungu uko juu ya kichwa chake, wote wananingoja, na mimi nina njaa, tangu tumzike nimekuwa nakula kwa sababu ni saa ya kula, na sasa, hapa, mbele ya usharika mzima, nina njaa.