Chini ya Sahani

Treni ilikuwa haijafika hata Birmingham, Leanne akamwekea mama yake sharti. Alizunguka kwanza. Akauliza kama dawa za presha zimo mkobani, akauliza kama viatu vipya vinabana, halafu ndipo akalitoa: kwa siku mbili hizi za matembezi mjini Bath, mbele ya mama wa mchumba wake, Adrian, Beryl asigeuze sahani.

"Hata moja, mama. Nakuomba."

"Na ikiwa tupu?"

"Hata ikiwa tupu."

Kama hujawahi kula meza moja na watu wa Stoke, huwezi kujua sharti hilo lilikuwa zito kiasi gani. Watu hawa ukiwatengea chakula, kabla ya kuuliza kimepikwa nini, watataka kujua kimepakuliwa kwenye nini. Iwe harusini, iwe msibani, sahani itainuliwa na kupinduliwa ili usomwe muhuri ulio chini. Ukiwa ni muhuri wa kwao, watakula kwa raha. Ukiwa wa kwingine watakula pia, maana njaa haichagui, lakini mwenye nyumba ataonewa huruma. Mji mzima uliishi kwa udongo na moto, ukitengeneza vyombo hivyo, zaidi ya miaka mia mbili, na mzazi hapishani na mwanawe njiani bila kumtazama usoni. Hakuna anayefundishwa tabia hiyo. Watoto huianza wakiwa bado wanakalia mito ili wafikie meza.

Beryl Machin alikuwa na haki hiyo kuliko wengi. Alifanya kazi miaka arobaini na moja katika kiwanda cha vyombo cha Hassall, chumba cha dhahabu, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuzungusha mstari wa dhahabu kwenye ukingo wa sahani. Sahani inakaa juu ya gurudumu, gurudumu linazunguka, wewe unazuia pumzi na kushusha brashi. Mkono wenyewe hausogei. Ukipepesa jicho wakati mbaya, sahani imeharibika. Kiwanda kilifungwa miaka kumi iliyopita, na sasa pale pana duka la mazulia.

Kwa hiyo alinuna kidogo, akatazama ng'ombe wakipita dirishani. Lakini Leanne alikuwa mwanawe wa pekee, wakili huko Bristol, harusi yake ilikuwa Septemba, na safari yenyewe ilikuwa zawadi ya Rosalind, mama mkwe mtarajiwa, ili wazazi wawili wajuane kabla ya siku ya siku. Uso wa mtoto ulikuwa na wasiwasi.

"Haya, bata wangu," Beryl akasema, maana kwao kila mpendwa ni bata. "Ahadi ni deni. Sitagusa."

Rosalind aliwapokea hotelini akiwa na mwavuli na ramani. Alikuwa mke wa daktari mpasuaji kutoka Winchester, mrefu, mchangamfu, mwenye sauti ya mtu ambaye hajawahi kuambiwa anyamaze. Beryl alikuja amejiandaa kumchukia, na alisikitika kidogo alipoona haiwezekani. Waliyaona mabafu ya Warumi, wakapanda mpaka kwenye nyumba mashuhuri zilizopangwa nusu duara, Rosalind akieleza jiwe limetoka wapi na nani alikaa wapi, na Beryl akasifu kila kilichohitaji kusifiwa. Mvua ilinyesha mara tatu. Wote watatu walikubaliana kwamba si mvua hasa.

Tatizo lilianza mkahawani. Kikombe kililetwa, na kilikuwa chembamba hata mwanga ulipenya. Beryl aliikalia mikono yake. Alijikaza kisabuni, akatazama dari, akasoma orodha ya vyakula mara mbili. Ndipo Rosalind alipoinua kikombe chake anywe, na Beryl, aliyekaa mbele yake, akaona kitako chote peupe na muhuri wake wa kijani. Stoke! Hakuwa amegusa kitu. Alitabasamu kwa moyo wote. Rosalind, akidhani tabasamu ni lake, naye akatabasamu, na kutoka hapo wakapatana sana. Kila kinywaji kilipoagizwa Beryl alimhimiza mwenzake anywe kingali cha moto.

Leanne aliyaona hayo yote. Alimfinya mama yake goti chini ya meza, lakini hakuweza kumlaumu, kwa kuwa sharti lilikuwa ni kugeuza tu.

Jioni walikula hotelini. Kati ya samaki na kitindamlo, Rosalind alisema alivyofurahi kumpata mtu wa mahesabu katika ukoo, maana yeye na mumewe hata bili ya umeme huwashinda. Beryl aliuliza mtu huyo ni nani.

"Wewe," akasema Rosalind. "Leanne ametuambia ulikuwa ofisini, pale kiwandani. Miaka arobaini! Lazima ulikijua kiwanda chote kile kuliko wenyewe wenye mali."

Beryl alimtazama mwanawe. Leanne alikuwa anatazama siagi. Ilimchoma, tena pale pabaya, chini ya mbavu, ambapo mtu hapaguswi ila na wa kwake. Angeweza kusema. Neno moja lingetosha, na binti yule angebaki na uongo wake mezani, mbele ya mama mkwe, miezi mitatu kabla ya harusi.

"Ah, makaratasi," akasema. "Makaratasi tu, siku nzima."

Asubuhi chumbani, Leanne alijaribu kueleza, mswaki mdomoni. Lilimponyoka tu siku ya kwanza alipopelekwa kwao Adrian. Wote mezani walikuwa wanataja kazi za wazazi wao, huyu jaji, yule profesa, na ulimi ukateleza, na baadaye ikawa kila siku ni vigumu zaidi kurudi nyuma. Alikuwa na aibu, na aibu ile aliionea aibu tena.

"Ofisi ilikuwa na viti vizuri," akasema Beryl, akifunga vifungo vya gauni lake la bluu. "Niliviona siku moja mlango ulipokuwa wazi."

Kisha akavaa viatu vyake vipya.

Jumapili alasiri, kabla ya treni, Rosalind aliwaalika chai ya kuagana katika ukumbi mkubwa wa hoteli. Palikuwa na meza kama kumi na mbili, mpiga piano, na watu wanaonong'ona kana kwamba kuna mgonjwa chumba cha pili. Zikaja skoni, vile vimikate laini vya chai, na krimu, na jemu, na keki ya limau. Zikaja sahani.

Beryl alizijua kabla hazijatua. Mistari miwili ya dhahabu, mmoja mwembamba kama uzi na mwingine mnene kidogo, na nafasi kati yake sawasawa kote. Aliweka keki yake katikati ya sahani na kuiacha hapo. Kidole gumba chake, bila kuombwa ruhusa, kikaanza kutembea juu ya ukingo, polepole, kikitafuta mahali mstari unapoanzia na kuishia. Kwa mchoraji wa kawaida pana kijinundu kidogo. Kwa mchoraji hodari huwezi kupapata.

Rosalind alikiona kidole kile.

"Nzuri, eti? Hebu niambie wewe uliyekuwa kiwandani. Wanasema eti wasichana walikuwa wanachora hii kwa mkono. Mimi siamini. Hii ni stampu ya mashine, na hadithi ya mkono ni ya kuuzia tu. Binadamu gani anaweza kuzungusha mstari namna hii?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amegeuka, anasubiri jibu la mtu anayejua.

Beryl alinywa chai kwanza. Kisha akasema, "Hapana, walichora kwa mkono. Walikuwa wasichana wazuri. Walijua kazi yao."

Walichora. Walikuwa. Kazi yao. Alisema kama mtu anayewasimulia majirani waliohama, huku kidole gumba kikiendelea kuzunguka. Leanne alilisikia hilo "walikuwa". Mama yake alikuwa amejifuta mwenyewe kwenye maisha yake, kwa sauti ya upole, ili bintiye asiaibike.

Basi Leanne akaichukua sahani yake. Hakuondoa keki kwa uma. Aliiinamisha tu, keki ya limau ikaporomoka juu ya kitambaa cheupe cha meza, na akaipindua sahani mbele ya Rosalind.

"Hassall, Stoke," akasoma. "Na hapa chini pana alama nyekundu, unaiona? Kila mchoraji alikuwa na yake, ili mkaguzi ajue kazi ni ya nani. Mama hakuwa ofisini, Rosalind. Nilidanganya. Alikuwa anachora hii. Binadamu gani anaweza? Huyu hapa."

Mpiga piano aliendelea, lakini meza mbili za jirani ziliacha kutafuna. Rosalind aliitazama sahani, akamtazama Beryl, akaitazama tena mikono yake Beryl, iliyokuwa sasa juu ya meza, mikubwa, yenye viungo vilivyovimba. Uso ulimwiva wekundu. Kisha akafanya jambo ambalo Beryl alilihesabu kuwa wema mpaka siku ya harusi na baada yake: alihamisha skoni yake kwenye kisahani cha chai, akaigeuza na yeye sahani yake mwenyewe, na kumpa Beryl.

"Na hii ni ya nani?" aliuliza.

Beryl alivaa miwani. Alama ilikuwa msalaba mdogo wenye duara.

"Hilda Bloor," akasema. "Alikaa kushoto kwangu miaka kumi na minane. Alikuwa anakula vitunguu vibichi saa nne asubuhi, mwenyezi Mungu amrehemu, lakini mkono wake! Pitisha kidole hapo. Tafuta mwanzo wa mstari."

Rosalind alipitisha kidole. Alizunguka mara moja, akazunguka tena macho yamefumbwa, na hakupata mwanzo.

Ya Leanne ilikuwa ya Hilda pia. Ya Beryl mwenyewe, alipoigeuza hatimaye, akiwa ameachiliwa na mwenye deni lake, ilikuwa ya msichana mmoja aliyeolewa Kanada. Alizipanga tatu hizo mbele yake, akaeleza nani alikuwa mcheshi na nani alikuwa mvivu Jumatatu, na Rosalind aliuliza maswali mazuri. Beryl aliridhika kabisa. Hakugundua kwamba kiti cha binti yake kilikuwa kitupu.

Leanne alikuwa kwenye meza ya jirani, ameinama, anawaomba radhi wazee wawili mume na mke. Anaweza kuitazama sahani yao? Dakika moja tu. Akawashikia sandwichi, akatazama, akawarudishia. Akaenda meza ya pili. Mhudumu alimsogelea akasita, kwani hakuna aliyewahi kumfundisha la kufanya katika jambo kama hili. Kwenye meza ya tatu watu walikuwa wameshainua sahani zao kabla hajafika. Leanne yule yule, aliyemfinya mama yake goti jana, sasa anapita katikati ya ukumbi wa watu na krimu kwenye mkono wa gauni, akipindua vyombo vya wageni.

Alipofika kwenye meza ya dirishani alisimama, sahani mkono huu, skoni ya mtu mkono ule, akagundua kwamba hajui hata anatafuta alama gani.

"Mama," aliita kutoka kule, na lafudhi ya Stoke aliyoificha tangu chuo kikuu ikatoka nzima nzima. "Alama yako ilikuwaje?"

Piano ilinyamaza. Beryl alivua miwani. Hakuwa amesahau, alama ile aliiweka chini ya sahani nyingi kuliko watu wa mji wa Bath. Ila katika miaka thelathini na minne mwanawe hakuwahi kumuuliza, na yeye si mtu wa kujitaja bila kuulizwa. Alisukuma kiti, akasimama, akanyoosha gauni. Alijiona mkubwa, na hakuona sababu ya kuficha.

"Nukta mbili na mkia," akasema, kwa sauti ile ya chumba cha dhahabu, iliyozoea kupita juu ya kelele za magurudumu. "Nyekundu. Mkia unaelekea kushoto."

Na meza moja baada ya nyingine, wale watu waungwana wakaanza kuhamisha keki zao.