Darasa Lililosifiwa kwa Ukimya

Nilimdharau mwalimu wa darasa la jirani tangu wiki yake ya kwanza, na sioni haja ya kuficha. Sisi walimu wenzake wa chekechea tulimwita Madamu Marashi, kwa sababu harufu yake ilitangulia kufika shuleni, na ilibaki hata baada ya mwenyewe kuondoka.

Mwaka ule mkuu wa shule aliagiza watoto wa chekechea wapewe robo saa kila siku ya kujisomea wenyewe. Madamu Marashi alilitekeleza agizo kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi. Aliwagawia watoto thelathini vitabu vinavyong'aa, akatangaza, "Atakayesikika, hatoki nje kucheza." Ukaja ukimya wa msibani. Nilipopita dirishani niliwaona wameinamia vitabu kama mahakimu. Watatu walikuwa wamevishika juu chini. Mmoja alikuwa amelala, shavu juu ya picha ya tembo, udenda ukimtiririkia mkongani. Mwalimu wao alikuwa anapaka rangi kucha.

Darasa langu lilikuwa soko. Vitabu nilivishona kwa mkono kutokana na kalenda kuukuu, kila ukurasa sentensi moja. Mtoto alijichagulia chake, akafuata maneno kwa kidole na kujinong'onea silabi mpaka ziungane. Akikwama, ajaribu mara tatu ndipo aniite. Sasa watoto ishirini na wanane wakinong'ona kwa pamoja, huo si mnong'ono tena, ni mzinga wa nyuki.

Siku moja Madamu alisimama mlangoni kwangu, pua juu.

"Mwenzangu, hawa unawafundisha kusoma au kuuza samaki?"

"Kusoma. Wako wanafanya nini?"

"Wangu wana nidhamu."

"Hata maboga yana nidhamu," nilimjibu.

Hatukusalimiana kwa mwezi mzima. Sikupungukiwa na kitu.

Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo binti wa fundi viatu, mwenye miaka mitano, tuliyemwita Kidole. Kidole chake hakikutulia: kilisoma magunia, makopo, mabango, hata fulana za watu wazima wakiwa wamezivaa.

Basi mkaguzi wa elimu akatangaza kuja. Mkuu wa shule, aliyeamini kwamba elimu hukaa ukutani, aliamuru kila kitu kipakwe rangi. Asubuhi ya ziara fundi rangi alimaliza benchi la uani, akaegemeza kwenye mguu wa benchi kipande cha boksi alichokiandika kwa brashi, akaenda zake kunywa chai.

Mkaguzi alichungulia darasa la Madamu kwa dakika moja, akaandika ukurasa mzima. Kwangu aliishia kizingitini, akaziba sikio kwa kalamu.

"Mheshimiwa, tupige picha ya kumbukumbu," alisema Madamu kwa sauti ya asali. Aliwapanga watoto wake wasimame nyuma ya lile benchi la uani. Wakubwa wangekaa mbele. Kisha akataka mtoto mmoja wa kukaa nao, aliye nadhifu, akamshika mkono Kidole bila kuniuliza.

Kidole alifika kwenye benchi, akachuchumaa, akaanza kufuata maandishi.

"Ra... ngi. M... bi... chi." Akarudia, safari hii kwa pamoja. "Rangi mbichi! Madamu, imeandikwa rangi mbichi."

"Kaa, mtoto. Wakubwa hawafundishwi."

"Lakini imeandikwa..."

Mkaguzi alicheka. "Anabahatisha huyu. Wa umri huu hawasomi."

Mtu aliyelipwa kukagua usomaji alisomewa miguuni pake, asiutambue! Kidole alinitazama. Nilimwashiria asikae, akabaki amesimama. Ningeweza kuwaonya wale wengine. Mdomo ninao. Sikuufungua.

Wakakaa watatu: mkaguzi, mkuu wa shule na Madamu. Walipoinuka, benchi liliwang'ang'ania kidogo kabla ya kuwaachia. Kila mmoja aliondoka na mistari ya kijani makalioni, na lile darasa lenye nidhamu lilipasuka kwa kicheko kilichosikika hadi barabarani.

Ripoti ilikuja baada ya wiki tatu. Darasa la Madamu: mfano wa kuigwa. Langu: vurugu. Madamu akateuliwa kuwaelekeza walimu wengine jinsi ya kufundisha kusoma, akaondoka na marashi yake. Sikushangaa. Chungu na mfuniko vilikuwa vimekutana.

Lakini fundi viatu hakuwa mtu wa ripoti. Kila mteja aliyekaa kibandani kwake alisimuliwa habari za benchi, na waliporudi nyumbani wazazi wakawapa watoto wao pakiti ya chumvi: "Hebu soma hapa." Wale wa darasa la mfano walikaa kimya, kama walivyofundishwa. Kabla ya muhula kwisha, wazazi kumi na mmoja walikuwa wamembana mkuu wa shule ofisini, na watoto wao wakaletwa kwangu, pamoja na mkeka kwa sababu madawati hayakutosha.

Siku tatu hawakutoa sauti. Siku ya nne, msichana mdogo mwenye pengo alifunua kitabu, akaweka kidole, akanong'ona, "Ku... ku." Kisha akaziba mdomo, akanitazama kama aliyefumaniwa akiiba.

"Kuku," nilisema. "Haya, huyo kuku anafanya nini? Endelea."